Mulezi Waliyemuamini Bila Kumujua

Kuna ndugu wanaouliza kama inafaa mupadri ao museminari atumie saa zake kwa kusoma hadisi za mauaji. Ulizo hilo ni la zamani, nalo halitakwisha kesho. Mimi najibu hivi tu: hadisi za mauaji ni za namna mbili. Ile ya kwanza inatuficha muuaji mpaka ukurasa wa mwisho. Tukisha kumujua tunafunga kitabu, tunazima taa, tunalala vizuri. Ile ya pili inatuambia tangu mwanzo nani amekufa na nani ameua, kisha inaturudisha nyuma, siku kwa siku, chumba kwa chumba, na kutuuliza: ninyi mungeona? Kitabu « Chanson douce » cha Leïla Slimani ni cha namna hii ya pili, na kwa sababu hiyo ninakiweka mbele yenu.

Mwandishi alizaliwa Rabat, katika inchi ya Maroko, mwaka 1981. Alikwenda Paris kwa masomo ya juu, kisha akafanya kazi ya kuandika habari katika « Jeune Afrique », gazeti linalojulikana hata kwetu. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 2014. Hiki ni cha pili. Kilichapwa na nyumba ya Gallimard mwaka 2016, na katika mwezi wa Novemba wa mwaka ule ule kikapewa Prix Goncourt, ndiyo zawadi ya vitabu yenye sifa kuliko zote katika Ufaransa. Jina lake maana yake ni « Wimbo mutamu », yaani ule wimbo wa kumubembeleza mutoto alale. Wamarekani walipokichapa katika luga yao mwaka 2018 waliuacha wimbo, wakakiita « The Perfect Nanny », maana yake mulezi asiye na kasoro. Nazani hawakufanya vema, kwani jina lao linatuelekeza kumutazama mulezi peke yake, na kitabu kinataka tutazame nyumba nzima.

Hadisi hii haikutoka hewani. Mwaka 2012, katika muji wa New York, mulezi mumoja aliua watoto wawili aliopewa kuwalinda. Mwaka 2018 tribinali ikamuhukumu. Slimani alisoma habari ile katika magazeti, akachukua mbegu yake, lakini aliipanda katika udongo wa Paris, na muti uliokua ni wake mwenyewe.

Myriam na Paul Massé wanakaa rue d'Hauteville, katika nyumba ya etaji isiyo kubwa. Wana watoto wawili: Mila, binti, na Adam, ambaye angali mutoto muchanga. Paul anafanya kazi ya muziki, anatengeneza sauti katika studio. Myriam alisoma sheria, lakini tangu Mila kuzaliwa anakaa nyumbani. Hapo mwanzo anafurahi. Baadaye anachoka, tena anaona haya ya kuchoka, na uchovu wa namna ile wa kuonea haya ni muzito kuliko uchovu wenyewe. Siku moja anakutana na Pascal, aliyesoma naye zamani, ambaye sasa ni avoka mwenye biro yake. Pascal anamupa kazi. Ndipo wazazi wanaanza kutafuta mulezi. Anafika Louise: mwanamuke muzungu, mwembamba, nywele za rangi ya zahabu, mavazi safi, mikono inayojua kazi. Bibi aliyemutumikisha mbele, Madame Rouvier, anaulizwa kwa simu, naye anamusifu kupita kiasi, hata kusema kama alifikiri kuzaa tena ili tu asimupoteze Louise. Watoto wanamupenda mara moja.

Mara nyumba inageuka. Vifungo vilivyokatika vinashonwa, nguo zinapangwa, chakula cha usiku kiko tayari, na rafiki wanaokuja kula wanaona wivu. Louise anafika mbele ya saa yake, anarudi kwake usiku. Myriam na Paul wanaona kama wameangukia bahati isiyo na bei. Lakini sisi wasomaji tunajua tangu ukurasa wa kwanza kama Adam amekufa, kama Mila hatapona, na kama Louise alijaribu kujiua asifaulu. Kwa hiyo kila sahani safi inatutia hofu. Hapo ndipo uko ufundi wa mwandishi: hana haja ya kelele usiku wala mulango unaojifungua peke yake. Anatuonyesha tu kabati lililopangwa vizuri, nasi tunatetemeka.

Nitakaa kidogo juu ya kuku, kwani ninaona kama kitabu chote kimo ndani ya kuku yule. Myriam anatupa katika takataka kuku aliyepitisha siku zake katika frigo. Louise hawezi kuvumilia chakula kinachotupwa. Jioni moja Myriam anarudi kutoka kazi, anaingia jikoni, na juu ya meza anakuta mifupa ya kuku yule. Haina hata uzi wa nyama, imesafishwa, inangaa. Louise alimutoa kuku katika takataka, akawalisha watoto, kisha akaiweka mifupa pale ili bibi wa nyumba aione. Hakuna barua, hakuna neno. Myriam anashikwa na woga kama mutu aliyekuta nyoka katika kitanda.

Sasa niwaambie ukweli, ndugu zangu: musomaji wa kwetu anasoma mambo haya kwa njia ingine. Mutu akitupa kuku muzima katika takataka huku kwetu, ni yeye tutakayemuita mwenye wazimu, siyo yule aliyemuokota. Nusu ya kwanza ya tendo la Louise tunaifahamu kabisa. Ni nusu ya pili inayotisha: kuwalisha watoto wa wengine kitu ambacho mama yao alikataza, kisha kutengeneza mifupa kama barua. Kwa Myriam kuku ni tarehe iliyoandikwa juu ya karatasi. Siku ikipita, si chakula tena. Kwa Louise kuku ni feza, ni njaa aliyoiona, ni madeni aliyoachiwa na Jacques, mume wake aliyekufa. Wanawake wawili wamesimama mbele ya kuku mumoja, na hakuna hata mumoja wao anayeweza kumuambia mwenzake anachoona. Myriam hawezi, kwa sababu akisema atalazimika kufanya jambo, naye kesho ana kesi ya kutetea. Louise hawezi, kwa sababu hakuna mutu katika nyumba ile aliyewahi kumuuliza anafikiri nini. Mifupa ile ndiyo luga iliyomubakilia. Na baada ya mambo hayo, asubuhi, Louise anarudi kazini, watoto wanamukimbilia, maisha yanaendelea.

Hiyo ndiyo kazi kubwa ya kitabu, nami sikuiona imefanywa vizuri hivi pahali pengine. Wasomaji wengi wanasema kama wazazi walimuamini Louise kupita kiasi. Mimi nasema hawakumuamini hata kidogo. Kumuamini mutu kunataka kwanza umujue, ao kwa uchache utake kumujua. Myriam na Paul walimuachia Louise ufunguo wa mulango, watoto, jiko na feza ya soko. Hawakumuachia hata ulizo moja. Wanajua kama anapika vizuri. Jumba lile la Créteil ambamo anakaa chumba kimoja, na mwenye nyumba anayemudai, hayo hawataki kuyajua, kwani kuyajua kuna garama. Ukijua kama mulezi wa watoto wako analala vibaya, utafanya nini? Utamuongezea mushahara, ao utaona haya kila asubuhi. Ni rahisi zaidi kusema: Louise ni wa ajabu.

Siku moja habari zake zinaingia kwa nguvu. Barua inafika kutoka serikali ya kodi, inayotafuta deni la Louise kwa njia ya wale wanaomulipa. Paul na Myriam wanamuita, wanamuonya kama mutoto aliyevunja chungu. Myriam, aliye avoka, anataka kumusaidia kutengeneza makaratasi. Louise ananyamaza. Wengi watasema: huyu ni mwenye kiburi, amekataa musaada. Musome tena. Musaada ule ulikuja ukiwa umevaa nguo za hukumu, mbele ya watu wawili waliokuwa na mamlaka ya kumufukuza. Sisi mapadri tunapaswa kujua jambo hili kuliko wengine, tunaokaa kila juma katika kiti cha kusikiliza: mutu anayenyamaza mbele yako si lazima awe hana la kusema.

Tena kuna safari ya Ugiriki. Wakati wa konje wazazi wanamuchukua Louise pamoja nao katika kisiwa cha Sifnos. Wanazani ni zawadi, na kweli wana roho nzuri. Louise hajui kuogelea; Paul anamufundisha katika maji, kama angalimufundisha mutoto wake. Siku zile chache Louise anakula nao, anaona jua na bahari, anaonja maisha yasiyo ya kuhesabu feza. Halafu wanarudi Paris, naye anarudi chumba chake cha Créteil. Mimi ninaona kama ubaya ulikomaa kwa ajili ya wema huo, zaidi kuliko kwa ajili ya maneno makali. Walimufungulia mulango wa jamaa kwa juma moja, kisha wakaufunga bila kumuambia kama umefungwa, kwani wao hawakujua kama waliufungua. Yeye alijua. Tangu siku ile anatamani Myriam azae mutoto wa tatu, kwa sababu mutoto muchanga maana yake ni miaka mingine ya kukaa. Anawapeleka watoto kula inje usiku ili bwana na bibi wabaki peke yao. Anachungulia mwili wa Myriam kutafuta alama za mimba. Kurasa zile ni za kuhuzunisha kuliko za damu.

Hapa luga yetu yenyewe inatusaidia kufikiri. Kwa ndugu zetu wa pwani, katika Kenya na Tanzania, mwanamuke wa kulea watoto wa wengine anaitwa « yaya ». Neno lile lilitoka Uhindi, ambako lilifika na Wareno, nalo ni neno la kazi na mushahara. Lakini kwetu Lubumbashi, yaya ni mukubwa wako, aliyezaliwa mbele yako kwa tumbo moja. Neno ni moja kwa sikio. Kwa mumoja ni mutu wa kulipwa, kwa mwingine ni damu. Katika nyumba ya rue d'Hauteville maneno haya mawili yamechanganywa. Louise anaambiwa kama yeye ni kama mutu wa jamaa. Neno « kama » ni dogo, lakini limebeba muzigo wote. Mutu wa jamaa akiwa mugonjwa anakaa, akizeeka anakaa, akikosa, anagombezwa na anakaa. Aliye « kama » wa jamaa anakaa mpaka watoto waingie masomo.

Wala tusizani kama jambo hili ni la Wazungu tu. Katika miji yetu, ni nyumba ngapi zilizo na musichana aliyeitwa kutoka kijijini kulea watoto wa mujomba? Yeye kweli ni wa jamaa, na mara nyingi kwa sababu hiyo halipwi. Anaamka wa kwanza, analala wa mwisho, hasomi, na wageni hawasalimii. Sisemi kama huko kutatoka mauaji. Nasema kama hadisi ya Slimani, ijapokuwa inasimuliwa mbali sana, inauliza ulizo ambalo katika nyumba zetu halijaulizwa kwa sauti.

Mwandishi aliweka mbele ya kitabu chake maneno ya waandishi wawili wa zamani. Mumoja ni Kipling, katika hadisi ya mwanamuke aliyelea watoto wa Waingereza huko Uhindi. Mwingine ni Dostoevsky, pahali ambapo Marmeladov, yule mulevi wa « Uhalifu na Azabu », anauliza kama mutu anafahamu maana ya kutokuwa na pahali pa kwenda. Anayesoma kitabu mpaka mwisho na kurudi kwenye ukurasa ule ataona kama Louise amekwisha kuelezwa pale.

Sasa nafika kwa shauri linalonitia uchungu. Nimesikia kitabu hiki kikitumiwa kama fimbo. Watu wanasema: muone, mama akiacha watoto wake na kwenda biro, yanamupata haya. Nami najibu kama wanaosema hivyo wamesoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho tu. Ni kweli, hukumu hiyo imo ndani ya kitabu. Mwandishi aliiweka katika kinywa cha Sylvie, mama ya Paul, anayemulaumu Myriam kwa ukali mkubwa kama anatupa watoto wake kwa ajili ya kazi. Lakini muangalie vizuri: Sylvie hamulaumu mwana wake. Paul naye ni muzazi wa watoto wale wale. Paul naye anarudi usiku, watoto wamekwisha kulala, na hakuna mutu anayemuuliza. Myriam alipotaka kurudi kazini, Paul alipiga hesabu akasema kama mushahara wake na malipo ya mulezi yatakuwa karibu sawasawa. Neno lile linaonekana dogo. Alipiga hesabu ya mushahara wa muke na malipo ya mulezi. Mushahara wake mwenyewe hakuuingiza katika hesabu, kana kwamba watoto ni garama ya mama peke yake. Mwandishi hapigi kelele juu yake. Analiacha lipite, kama maneno ya namna ile yanavyopita katika nyumba zote.

Tena kuna jambo lingine ambalo wenye fimbo hawalioni. Myriam ana asili ya Afrika ya Kaskazini. Alipokwenda kwenye biro la kutafuta walezi, mwanamuke wa pale alimutazama uso akazani kama amekuja kuomba kazi ya ulezi. Na Myriam mwenyewe, katika kuchagua, anakataa mulezi wa kabila lake, kwa kuogopa kama atamusemesha Kiarabu na kumuomba mambo kwa ajili ya undugu. Ndivyo hadisi inavyogeuza mambo tuliyoyazoea: mama wa nyumba ndiye mwenye damu ya ugeni, na mutumishi ndiye Mufaransa wa asili. Basi asiseme mutu kama Louise anateswa kwa ajili ya rangi yake. Slimani ametoa sababu hiyo kwa makusudi, ili tubaki uso kwa uso na mambo mengine mawili: feza, na upweke.

Na kama tunataka kabisa kuhukumu umama, tumuhukumu mama gani? Louise naye alizaa. Ana binti, Stéphanie, aliyekulia katika pembe za nyumba za wengine, akifundishwa asifanye kelele, asiguse vitu vya watoto wa bwana. Siku moja Stéphanie alitoweka, na kitabu hakimurudishi. Mikono ile iliyobembeleza watoto wa Paris haikuwa na saa ya kumubembeleza yeye. Mwanamuke wa biro analaumiwa kwa sababu alimuachia mulezi watoto. Mulezi aliyemuacha wake, kwa kulea wa wengine, hana hata mutu wa kumulaumu. Wenye fimbo wangefanya vema kufikiri juu ya Stéphanie mbele ya kuandika hotuba zao.

Nisisifu tu. Kitabu kina uzaifu, nao uko pahali ambapo mwandishi anataka kutuelezea. Katikati ya hadisi anatupeleka kwa mashahidi mbalimbali: jirani wa nyumba, Jacques, mwenye nyumba wa Créteil, mabwana wa zamani. Kurasa za madeni na za Jacques mwenye hasira zinaweza kumufanya musomaji mwepesi aseme: aha, umasikini ulimuua akili, neno limekwisha. Lakini neno halikwishi. Watu elfu na elfu wana madeni kuliko Louise, na wanalea watoto wa wengine kwa upendo mpaka kuzeeka. Slimani mwenyewe anajua jambo hili, kwani ameweka alama zingine ambazo hazina uhusiano na feza: muchezo ule wa kujificha, ambapo Louise anabaki mafichoni akisikiliza watoto wakilia kwa hofu, asitoke, alama za meno juu ya mwili wa Adam, siku ile Paul anapokuta Mila amepakwa rangi usoni kama mwanamuke mukubwa, akakasirika. Kitu fulani kilikuwa kimevunjika katika Louise, na hakuna hesabu ya kodi inayokieleza. Shahidi mumoja tu ningemuacha bila kumugusa: Hector, kijana aliyelelewa na Louise zamani. Polisi wanapofika kumuuliza, yeye haoni mushangao. Anaona raha, kama mutu aliyepita karibu na shimo usiku bila kuanguka. Mutoto alijua. Watu wakubwa walikuwa wakimusifu Louise kwa simu.

Mwaka 2019 Lucie Borleteau aliitoa hadisi hii katika sinema, Karin Viard akiwa Louise na Leïla Bekhti akiwa Myriam. Karin Viard anacheza vizuri mpaka kuogopesha. Lakini sinema ile inafuata siku kwa utaratibu, inaweka mauaji mwisho, na kwa hiyo inaturudisha kwenye hadisi ya namna ya kwanza: tunangoja. Katika kitabu hatungoji kitu, tunatazama. Tofauti hiyo ni kubwa.

Wenye kupenda sinema watakumbuka vilevile filme ya Kimarekani ya Curtis Hanson ya mwaka 1992, « The Hand That Rocks the Cradle ». Humo mulezi anaingia katika nyumba akiwa tayari na kisasi: mume wake, munganga, alijiua baada ya kushitakiwa, naye mwenyewe akapoteza mimba yake. Basi anakuja kumuharibia maisha mwanamuke aliyemushitaki mume wake. Mwishoni anaanguka, anakufa, nyumba inakuwa safi tena. Ni hadisi inayofariji, kwani adui alikuja kutoka inje. Louise hakuja na adui yeyote katika moyo wake. Alikuja akipenda kazi yake.

Aliye karibu zaidi na Louise, kwangu mimi, si yule wa Marekani, ni Diouana wa Sembène Ousmane, katika « La Noire de... » ya mwaka 1966. Yeye anachukuliwa Dakar kwa kulea watoto wa Wafaransa, anafika Antibes, na huko haoni watoto wala muji: anaona jiko, ndoo na kufua. Hana wa kusema naye. Yeye haui mutu mwingine; anajikata mwenyewe katika chumba cha kuogea. Baadaye bwana anarudi Dakar na sanduku la marehemu na mushahara wake, na mama ya Diouana anaikataa feza ile. Wanawake wawili, mumoja mweusi, mumoja mweupe, miaka 50 kati yao, na nyumba mbili za Ufaransa ambamo hakuna aliyewauliza neno. Kisu kiligeukia njia mbili tofauti. Sifananishi makosa yao, kwani Diouana hana damu ya mutoto juu ya mikono yake, na tofauti hiyo haipimiki. Nasema tu kama upweke wa jikoni ni mumoja.

Katika kurasa za mwisho anakuja kapteni wa polisi, Nina Dorval, anayetaka kurudia tendo pahali penyewe, yeye akichukua nafasi ya Louise. Anapita vyumbani, anagusa vitu, anajaribu kuona kwa macho ya yule mwanamuke. Katika kitabu chote ndiye mutu wa kwanza kufanya hivyo.

Kifaransa cha kitabu hiki ni chepesi: maneno mafupi, baridi, karibu kama maandiko ya tribinali, na kurasa zake zinapita mia mbili kidogo tu. Waseminari wadogo wangoje. Wale wa teolojia, na hasa wanaotumwa kesho katika parokia za muji ambako wataingia kila siku katika nyumba zenye watumishi, wakitafute, na wakifika kwa kuku wasiharakishe.